Kastamu, duane, forodha: maneno matatu kwenye daraja moja

Mzigo wa sabuni na unga wa mahindi ukitoka Kasese mjini hushuka kusini hadi Kikorongo, hukata kulia, hupita kwenye eneo la hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, kisha huingia Bwera. Kutoka hapo safari imebaki fupi: Mpondwe, geti, na daraja la mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi, na mbele yake ni barabara ya Beni na Butembo. Mizigo ya upande wa pili hukutana nayo njiani: mawese, kahawa, kakao, mbao, samaki wa Ziwa Edward.

Mwenye mzigo anayevuka daraja hilo hupita mbele ya ofisi mbili zenye kazi moja lakini majina yasiyofanana. Upande wa Uganda jina ni la Kiingereza, Customs, na wachuuzi hulitamka kastamu. Upande wa Kongo jina ni la Kifaransa, Douane, nao husema duane. Redio na magazeti ya Kiswahili huyaacha yote mawili na kusema forodha.

Ni maneno matatu ya kazi moja: kuandika kinachovuka na kupokea kinachodaiwa. Hata hivyo, hilo la Kiingereza lina jambo la kushangaza. Likiondolewa herufi ya mwisho linabaki custom, yaani desturi. Ndilo neno ambalo Mwingereza hulitumia akizungumzia mila za harusi, mazoea ya msiba, namna watu wa mahali wanavyosalimiana. Imekuwaje ofisi ya serikali yenye mizani na mihuri ikapewa jina la desturi?

Jibu linamfaa kila anayevusha beseni la samaki au gunia la maharage. Ndani yake mna kipimo cha kutenganisha malipo ya haki na malipo ya kuzushwa, na kwa mchuuzi ambaye faida yake ya siku nzima ni shilingi elfu chache, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atarudi nyumbani na unga au mikono mitupu.

MAZOEA YALIYOGEUKA MALIPO

Waingereza walilichukua neno custom kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kililipata katika Kilatini: consuetudo, yaani mazoea, jambo lililozoeleka. Shina hilo lina tawi jingine, costume, mavazi ambayo watu wa mahali au wa kazi fulani wamezoea kuvaa. Kwa Kifaransa, suti ya mwanamume huitwa costume. Kwa hiyo Mkongo aliyevaa suti yake nadhifu akaingia ofisi ya kastamu ya Mpondwe, ameingia na ndugu wa neno hilo akiwa amelivaa mwilini.

Kutoka mazoea hadi malipo, njia ni fupi. Katika Ulaya ya zama za kati, mfanyabiashara aliyepitisha mzigo kwenye daraja, kwenye mlango wa mji au bandarini alitoa kitu kwa mwenye eneo: fedha kidogo, au sehemu ya bidhaa yenyewe. Mara nyingi kiasi hicho hakikuwa katika sheria yoyote iliyoandikwa. Kilijulikana kwa sababu baba wa mfanyabiashara alitoa hivyohivyo, na babu yake kabla ya hapo. Malipo ya mazoea yakaitwa mazoea, na jina likashika.

Jambo hilo si geni katika nchi ya Kasese. Kilomita chache kutoka barabara ya Bwera kuna Katwe, ziwa la chumvi ambalo watu wamelichimba tangu kabla ya mpaka wowote wa Wazungu. Chumvi hiyo ilibebwa kwenda pande zote, na Bunyoro na Toro walishindana kuishika Katwe kwa sababu ya mapato yake. Frederick Lugard alipofika mwaka 1891 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome hapohapo, Fort George. Aliyeshika chumvi alishika na kinacholipwa na wanaoifuata chumvi. Hakuna aliyehitaji kamusi kulielewa hilo.

WAFANYABIASHARA WATAKA IANDIKWE

Malipo ya desturi yana uzuri na ubaya. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anayajua, hivyo mgeni akiuliza watu watatu sokoni atapata jibu moja. Ubaya wake ni kwamba mwenye nguvu anaweza kuzua desturi jana usiku na leo asubuhi akadai ni ya tangu enzi za mababu.

Wafanyabiashara wa Uingereza waliuona ubaya huo mapema. Mwaka 1215, mfalme John alipobanwa na makabaila wake akatia muhuri hati ya Magna Carta, kifungu kimoja kilihusu wafanyabiashara. Kiliwaruhusu kuingia na kutoka nchini kwa usalama, kununua na kuuza, bila kutozwa tozo mbovu, ila kwa kufuata desturi za kale na za haki. Tayari hapo vitu viwili vimetengwa: desturi ya haki upande mmoja, tozo mbovu upande wa pili. Vyote viwili hutolewa mlangoni, vyote viwili hutolewa kwa mtu mwenye mamlaka, lakini si kitu kimoja.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1275, mfalme Edward wa Kwanza na bunge lake walikubaliana kiasi maalumu: nusu marki, yaani shilingi 6 na peni 8 za wakati huo, kwa kila gunia la sufu linalosafirishwa nje. Sufu ilikuwa kwa Uingereza kama kahawa ilivyo kwa Uganda. Sasa malipo yalikuwa na namba, na namba ilikuwa moja kwa bandari zote.

Mwaka 1303 lilitokea jambo ambalo mtu wa Bwera angelielewa upesi. Wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa wakinunua na kuuza Uingereza walikubali kulipa zaidi ya wenyeji. Nao mfalme aliwapa hati: uhuru wa kufanya biashara, ulinzi, na kesi zao kusikilizwa bila kucheleweshwa. Hawakuwa wajinga. Walipiga hesabu wakaona kwamba malipo makubwa yanayojulikana ni nafuu kuliko malipo madogo yasiyojulikana idadi yake wala mwisho wake. Walichonunua ni uhakika.

Tangu hapo neno lilibaki lilelile, lakini maana ilikuwa imegeuka ndani yake. Custom yenye maana ya mila iliendelea kuishi midomoni mwa watu. Ile ya malipo ikahamia kwenye karatasi, na baadaye ikazoea kuvaa herufi ya wingi: customs.

KASITOMA ALIYEKUWA MTOZA USHURU

Katika masoko ya Uganda, muuzaji humwita mteja wake kasitoma. Nalo limetoka kwenye shina hilohilo. Customer ni mtu aliyezoea kuja kununua kwako, mwenye desturi ya duka lako. Mwingereza bado husema custom akimaanisha uteja: duka likipoteza wateja, limepoteza custom.

Lakini katika karne ya 14 na 15 neno customer lilikuwa na maana nyingine pia. Lilimtaja ofisa anayekusanya malipo ya bandarini. Kasitoma wa wakati huo ndiye aliyekaa dirishani, si aliyesimama kwenye foleni. Lugha iliwaweka mlipaji na mpokeaji chini ya jina moja kwa muda mrefu kabla ya kuwatenganisha.

Kwa kuwa wapokeaji ni binadamu, mfalme aliwawekea mlinzi. Mpokeaji aliandika daftari lake, na mtu wa pili aliandika daftari la kulinganisha. Hilo la pili liliitwa kwa Kifaransa cha wakati huo contre-rolle, yaani daftari la upande wa pili. Mtunza daftari hilo akaitwa controller. Mmoja wao alikuwa Geoffrey Chaucer, anayekumbukwa leo kama baba wa ushairi wa Kiingereza. Kuanzia mwaka 1374 hadi 1386 alishika kazi hiyo ya sufu na ngozi katika bandari ya London, na sharti mojawapo la ajira yake lilikuwa kwamba aandike daftari kwa mkono wake mwenyewe.

Hivyo basi, neno kontrole linalosikika kila siku upande wa Kasindi lilianza kama jina la daftari la pili. Maana yake ya asili si kusimamisha mtu njiani na kupekua mzigo wake. Ni kuhakikisha kwamba kilichopokelewa kinalingana na kilichoandikwa.

DIWANI, FARADHI NA SEHEMU YA KUMI

Majina mengine mawili ya kwenye daraja yana safari zake, na yote mawili yanamhusu Mswahili kwa karibu kuliko la Kiingereza.

Douane ya Kifaransa ilipitia Italia, na Waitalia waliitwaa kutoka kwa Waarabu waliofanya nao biashara katika Bahari ya Kati. Kwa Kiarabu ni dīwān, na Waarabu nao walilipata Uajemi, ambako lilimaanisha daftari la serikali na ofisi linamotunzwa. Neno hilohilo lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Diwani anayeketi kwenye baraza la mji na diwani ya mashairi, yaani mkusanyiko wa tungo, ni watoto wa dīwān. Mkongo anaposema duane na Mtanzania anaposema diwani, wametaja neno moja lililoachana njiani karne nyingi zilizopita.

Forodha nayo ni ya Kiarabu, furḍa, mahali chombo kinapotia nanga na mzigo kushushwa. Ndiyo maana Zanzibar kuna Forodhani mbele ya bahari. Herufi za shina lake ndizo zilizomo katika faradhi, jambo la lazima. Na ushuru umetokana na ʿushr, sehemu moja ya kumi. Anayejua kuhesabu hadi ashara ana ndugu wa neno ushuru kinywani.

Yakipangwa pamoja, maneno haya yanatoa picha kamili ya ofisi. Forodha inataja mahali: mzigo ushushwe hapa, si kichakani. Duane inataja daftari: kinachopita kiandikwe. Ushuru unataja kiwango: sehemu inayojulikana, si kadiri mpokeaji anavyoamka siku hiyo. Kastamu inataja makubaliano: malipo ambayo watu wameyazoea kwa sababu yako wazi na ni yaleyale kwa wote. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, kilichotokea dirishani kina jina jingine.

Pwani ilishawahi kuyajaribu yote mawili, mazuri na mabaya. Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani. Kwa mkataba huo meli za Kimarekani zilipaswa kulipa asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa katika bandari zake, na malipo hayo yalimaliza kila kitu: hakuna ada ya nanga, ya rubani, ya leseni, wala nyingine juu yake. Nahodha alijua hesabu yake kabla ya kung'oa nanga kwao. Lakini ndani ya Zanzibar yenyewe, kazi ya kukusanya ilikodishwa. Kwa miaka mingi aliyeishika alikuwa Jairam Sewji, tajiri wa Kihindi, ambaye alimpa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka. Kilichozidi kilikuwa chake. Katika mpango wa namna hiyo, mpokeaji ana sababu ya kutaka kila mzigo ulipe zaidi, na daftari lake si mali ya mfalme wala ya umma.

MPAKA ULIOPITA KATI YA NDUGU

Mpondwe ni mahali ambapo maana mbili za neno la Kiingereza hugongana kila siku. Mpaka huu ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 kati ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, na mkataba wa Uingereza na Ubelgiji ukatiwa saini London tarehe 3 Februari 1915. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo hawakuitwa kwenye vikao hivyo. Ni watu wa lugha moja. Wanaoana, wanazikana, wanalea watoto wa ndugu.

Mama wa Bwera aliyefiwa na shemeji Kasindi hawezi kwenda matangani mikono mitupu. Atabeba unga, kuku, pengine maharage debe moja. Kwake hiyo ni desturi, custom bila herufi ya mwisho. Kwa ofisa aliye getini, debe la maharage na kuku ni bidhaa, na bidhaa ni kazi ya customs. Hakuna mwovu kati yao. Kila mmoja anashika maana moja ya neno lenye maana mbili, na ofisa mwenye busara hutambua kuku wa msiba kwa macho. Shida huanza mtu wa tatu, asiye na dirisha wala daftari, anapoona nafasi katikati ya maana hizo mbili akasema: hapa desturi yetu ni kutoa kitu.

Hapo ndipo historia nzima inaporudishwa nyuma. Neno lililochukua karne kutoka kwenye mazoea hadi kwenye maandishi linavutwa tena mazoeani. Kiswahili kina jina la malipo ya aina hiyo, chai, na kila mtu anajua kwamba hakuna majani wala sukari ndani yake.

Mkanganyiko mwingine umeletwa na habari njema. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilisainiwa tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kazi Januari 1, 2005. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kuingia Jumuiya mwezi Machi 2022, na mwezi Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Wachuuzi wengi waliposikia redioni kwamba Kongo imeingia, walielewa kwamba kastamu imekufa. Haikufa. Kuingia Jumuiya ni kukubali kulinganisha sheria, na kulinganisha hufanyika hatua kwa hatua. Isitoshe, umoja wa forodha si kufuta forodha. Ni nchi kadhaa kukubali desturi moja iliyoandikwa: bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya zitozwe kwa viwango vya pamoja, ambavyo tangu Julai 2022 vina ngazi nne kuu za asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani zipite bila ushuru wa kuingiza, mradi asili yake ithibitishwe.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaponyoka wengi. Bidhaa haisemi yenyewe imetoka wapi. Mchele wa Kasese na mchele uliovushwa bahari mbili unafanana ndani ya gunia. Kinachosema ni cheti cha asili. Kwa wafanyabiashara wadogo, Jumuiya ina cheti rahisi kinachotolewa mpakani bila malipo kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uganda na Kongo ni wanachama wa COMESA pia, yenye utaratibu wake rahisi kwa nchi zilizokubaliana orodha za bidhaa. Kabla ya kufunga mzigo, jambo la kwanza ni kuuliza ofisini ni utaratibu upi unaotumika kwa bidhaa hiyo na kama imo kwenye orodha ya siku hiyo. Cheti kinaondoa ushuru wa kuingiza peke yake. Hakiondoi kodi za ndani, wala hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea na mifugo.

MASWALI MANNE YA DIRISHANI

Kutokana na maneno yenyewe, mfanyabiashara anaweza kujitengenezea kipimo chenye maswali manne.

La kwanza ni la forodha: niko mahali panapohusika? Malipo halali yana ofisi. Upande wa Kongo, amri ya serikali ya Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, uhamiaji, udhibiti wa bidhaa, na afya ya mipakani. Mtu wa tano akijitokeza na kitabu chake, kumuuliza kwa adabu yeye ni wa huduma ipi kati ya hizo nne si ukaidi. Ni kutumia sheria ya nchi yake.

La pili ni la ushuru: kiwango ni kipi, na kimeandikwa wapi? Sehemu ya kumi ni sehemu ya kumi kwa tajiri na kwa mwenye beseni. Kiasi kinachoshuka kadiri mtu anavyolia, au kupanda kadiri anavyovaa vizuri, si kiwango.

La tatu ni la duane: kimeandikwa? Kwa Uganda, malipo ya mamlaka ya mapato huandaliwa namba maalumu ya malipo, na fedha hulipwa benki au kwa simu kwa kutumia namba hiyo. Fedha inayolipwa hivyo inaacha alama pande mbili, kwa mlipaji na kwa serikali, kama madaftari mawili ya London. Fedha iliyokunjwa kiganjani haiachi alama popote, na mwenye kiganja kingine mita 50 mbele hana sababu ya kuamini kwamba mtu ameshalipa. Ndiyo maana wanaolipa bila risiti hulipa mara mbili, mara tatu.

La nne ni la kastamu yenyewe: hivi ndivyo wote wanavyolipa? Swali hili hajibu mtu mmoja. Hujibiwa na chama cha wachuuzi, na jirani wa kibandani, na aliyepita jana na mzigo kama huohuo. Katika mipaka kadhaa ya COMESA huwekwa pia maofisa wa dawati la habari za biashara, ambao kazi yao ni kuwaeleza wafanyabiashara wadogo kinachodaiwa na kuwasaidia kujaza fomu. Kuwauliza hakugharimu kitu.

Maswali hayo manne yana gharama yake, na haifai kuificha. Anayeuliza huchelewa. Samaki hawangoji, na nyanya za Bwera zikikaa juani mchana kutwa zinageuka maji. Anayetaka fedha bila risiti analijua hilo, na kuchelewesha ndiyo silaha yake. Wengine huamua kuliacha daraja na kufuata njia za panya, wakavua viatu na kuvuka Lhubiriha kwa miguu, mzigo kichwani. Mto huo hushuka kutoka Rwenzori na mvua ya mlimani huujaza bila kuwaarifu walio chini. Na aliyevuka huko, akikamatwa, hana tena la kudai: hakupita mahali, hakuandikwa, hakulipa kiwango. Amejitoa mwenyewe kwenye ulinzi wa maneno yote manne, na mzigo wote unaweza kwenda.

Njia iliyo katikati ni ya pamoja. Mchuuzi mmoja akidai risiti anachelewa peke yake. Wachuuzi 20 wakidai risiti siku moja, foleni yenyewe inakuwa tatizo la ofisi na si lao. Ndivyo wale wageni wa mwaka 1303 walivyopata hati yao. Hawakwenda kwa mfalme mmojammoja wakibembeleza. Walikwenda kama kundi, wakiwa na kitu ambacho mfalme alikihitaji, yaani biashara yao.

Siku za soko, Mpondwe hujaa kuanzia alfajiri. Waendesha bodaboda hupanga magunia, wanawake hufunga mabeseni kwa vitenge, na kila mmoja anakwenda dirishani na jina lake la ofisi hiyo: kastamu, duane, forodha. Vyovyote anavyoiita, cha kurudi nacho mkononi ni kilekile, karatasi yenye namba, kiasi na tarehe. Aliyenayo amelipa desturi. Asiyenayo bado anaweza kuombwa kulipa.